Shamba Lililosafishwa Mno

Wifi yangu watu walimpa jina la Bi Ufagio, na yeye akalipokea kama mtu aliyepandishwa cheo. Ni mke wa marehemu kaka yangu, kwa hiyo nina haki zote za kumsema, na nikishamsema mimi, mwingine asifungue mdomo. Nyumba yake na yangu zinatazamana, uwanja mmoja katikati. Mimi nashona nguo barazani kwangu kuanzia asubuhi, na cherehani yangu imeelekea kwake. Si kwamba napeleleza. Mwanga mzuri unatoka upande huo.

Basi huyu mwanamke alikuwa akishafagia uwanja anaufagia tena, kwa sababu mara ya kwanza ilikuwa imetimua vumbi. Mgeni akinyanyuka kitini, hata hajaaga, mto alioukalia umeshakung'utwa na kurudishwa mahali pake. Kaka yangu maskini alikuwa akila huku ameishikilia sahani kwa mkono wa kushoto, maana akiiachia kidogo tu inaenda kuoshwa. Nilimwonea huruma, lakini alinenepa, kwa hiyo sikusema kitu.

Shamba lake liko nyuma ya nyumba, linateremka taratibu mpaka kwenye mfereji. Karoti, spinachi, kabichi, nyanya, kila kitu na tuta lake, na matuta yenyewe yamenyooka utadhani nimeyapiga chaki mimi kwa rula yangu ya kukatia suruali. Jani likidondoka njiani linaokotwa. Wanunuzi wa mboga walikuwa wanafika pale wanavua viatu, halafu wanakumbuka kwamba hili ni shamba, wanavaa tena huku wanaona haya.

Na dawa alikuwa anapiga. Alipiga kwa ratiba, mdudu awepo asiwepo, kwa sababu kusubiri mdudu aonekane ndipo umpige, kwake, ni sawa na kusubiri mgeni akute uchafu ndipo ufagie. Katika maongezi yetu neno ni hilo hilo moja, dawa, la kumponya mtu na la kumuua funza wa kabichi, na hakuna aliyewahi kuona haja ya kuzitenganisha. Binti yake wa pekee ni muuguzi katika kituo cha afya kilichoko barabarani. Mama anapiga dawa, binti anagawa dawa, nyumba nzima watu wa dawa, na walikuwa wanakula mezani pamoja bila neno.

Kisha ikaja nailoni nyeusi. Mwenye duka la pembejeo alimweleza kwamba ukiitandaza juu ya tuta na kuitoboa matundu ya kupandia, magugu hayaoti na unyevu haukimbii. Wifi kusikia habari ya magugu kutoota, alikuwa ameshanyanyua bunda. Ila mtu msafi ni mtu msafi, akauliza swali moja: mkishavuna, matambara yake yanakwenda wapi? Muuzaji alikuwa anataka kufunga duka akale. Akamwambia, "Inaisha yenyewe, mama, humo humo shambani."

Inaisha. Neno hilo wifi alilichukua kama lilivyo, akaja nalo nyumbani, na kwa miaka mingi hakuna aliyemuuliza lina maana gani.

Kwa kweli haikuisha kwa kasi aliyoitaka. Mavuno yakimalizika nailoni inakuwa imechakaa kwa jua, inakatikia mkononi, vipande vinapeperuka mpaka kwenye kamba yake ya nguo. Mwanamke kama yule avumilie hayo? Akaja kuazima mkasi wangu. Mkasi wa vitambaa, jamani, ule ambao hata karatasi siukatii. Akainama kwenye matuta akaikata nailoni vipande vyembamba vyembamba, ili isisokote visu vya mashine, halafu akamwita mtu wa trekta la mkono, lile la visu vinavyozunguka, likapita likarudi, likapita likarudi, mpaka nailoni na udongo vikawa kitu kimoja. Ukisimama barazani kwangu unaona udongo mtupu, mweusi, laini kama unga. Akanionyesha kwa mkono, amefura kwa furaha, akasema imeisha. Mkasi ulirudi haukati hata uzi, nikamnunia mpaka akaniletea mwingine mpya, na tangu hapo kila msimu akawa anakata kwa mkasi wake mwenyewe.

Sasa ng'ambo ya mfereji kuna jirani tunamwita Matambara. Alikuwa rafiki mkubwa wa kaka yangu, ndiyo maana yeye na wifi wanaitana shemeji. Naye alinunua nailoni ile ile, lakini kuikata vipande ni kazi, na Matambara na kazi hawasalimiani. Msimu ukiisha anaivuta kwa vipande vikubwa anaitupia juu ya ua, anasema kesho ataipeleka jalalani. Kesho hiyo haijafika. Ua wake wote umevaa nguo nyeusi, upepo ukivuma unapigapiga usiku kucha. Kupiga dawa nako alikuwa anaanza, bomba likiziba anakaa chini kulizibua, akipita mtu wanapiga soga, na bomba linabaki pale pale mpaka mvua ilikute. Karoti zake zilikuwa zinang'oka pamoja na magugu, nyingine zina miguu miwili, moja niliiona imekunja nne.

Bi Ufagio alimtumia Matambara kama mfano wa kila kitu kibaya. Binti yake akiwa mdogo, akiacha daftari sakafuni, anaulizwa kama anataka kuwa Matambara. Mimi nikiacha nyuzi chini ya cherehani, naulizwa kama tumeshahamia kwa Matambara. Nilikuwa namjibu kwamba angalau kwa Matambara mtu anamaliza kula.

Binti alikaa sana katika ndoa bila mtoto, na sisi tulishajifunza kutouliza. Mume wake ni dereva wa lori, leo yuko huku kesho kule, kwa hiyo binti akaendelea kuishi kwa mama yake. Siku alipotuambia ana mimba, wifi aliinuka, akaenda stoo, akatoa bomba la dawa, akaliosha (bila shaka), akaligawa. Akasema kuanzia leo tone la dawa halidondoki katika shamba hili. Na halikudondoka. Wadudu walidhani wamealikwa harusini. Mwanamke yule na magoti yake mabovu alikuwa anaamka anaokota funza mmoja mmoja kwa vidole, kabichi baada ya kabichi, anaweka kwenye kopo, na akiona namtazama ananiambia nishone.

Mtoto akazaliwa, wa kiume, ana sauti ya mnadi. Bibi yake akapiga hesabu ya lini ataanza kula, akamwekea tuta lake la karoti, pale juu penye udongo mzuri kuliko pote. Tuta la mjukuu. Alilimwagilia kwa kikombe, siyo kwa ndoo. Alishatuambia sote kwamba kijiko cha kwanza atakachokula mtoto huyu baada ya maziwa kitatoka katika tuta lile na kitashikwa na mkono wake, na alivyosema hivyo macho yake yalikuwa yanang'aa kama ya msichana.

Binti ndiye aliyeutia mpango huo mchanga. Hakuwa na ugomvi, alikuwa anakunja nepi. Alisema karoti nzuri, lakini mtoto hatapewa mpaka zipimwe. Mama mtu akauliza zipimwe nini, wakati tangu mimba hajapiga dawa. Binti akasema hilo hakatai, anakumbuka tu alivyokuwa mdogo, sare zake za shule zilivyokuwa zinanuka dawa zikianikwa.

"Umeacha kupiga, mama, nimeona kwa macho yangu. Ninachouliza ni kama imeisha."

"Kitu nimeacha kukitia," wifi akamjibu, "kitakosaje kuisha?"

Akaondoka kwa hasira akaja kwangu kulalamika kwamba amezaa mtoto wa kumpima. Mimi nikamwambia si apime basi, amzibe mdomo. Wazo hilo lilimwingia. Wakati ule kulikuwa na mama mmoja wa makamo kutoka chuo cha kilimo, mtaalamu wa udongo, anapita bondeni na buti zake za mpira akiomba kwa wakulima udongo na mboga za kwenda kuchunguza. Wote walikuwa wanamkwepa. Mmoja alijitia kiziwi. Bi Ufagio alimwita tangu yuko barabarani, kwa sauti ya mtu anayemwita shahidi wake.

Mtaalamu akaanza kwa kuuliza anatumia dawa gani. Wifi akajibu ya presha asubuhi, na ya magoti siku za baridi. Ilibidi niingilie kati. Wakaelewana, akachota udongo wake, akang'oa karoti mbili za tuta la mjukuu, na wifi akazifuta kabla hazijaingia mfukoni. Kisha akaja na lake: akamshika mgeni mkono akamwambia avuke na mfereji, akachukue na kwa yule wa ng'ambo, apate cha kulinganishia. Akanikonyeza. Mtaalamu alivuka, na Matambara akamruhusu achukue atakacho, na majibu akitaka ayatangaze hata redioni.

Siku ya majibu wifi alipanga viti barazani kwake. Binti alikuwa amempakata mtoto, mimi nimekuja na kitenge cha mteja nikipinda mapindo. Mtaalamu alikunywa chai yake yote kwanza, na mimi nikajua hapo hapo. Mtu mwenye habari njema hamalizi chai.

"Mama," akasema, "karoti zako zina mabaki ya dawa."

Wifi alitabasamu kwa upole, kama unavyomtabasamia mtu aliyekosea nyumba. Akamweleza kwamba yeye hapigi dawa. Mtaalamu akasema anajua. Ile aliyoipata ni ya zamani, ile ile iliyokuwa inapigwa kwa ratiba. Akamwuliza, hivi ana bakuli la plastiki la kuwekea mchuzi? Akishaliosha linakuwaje? Wifi akajibu haraka, maana kwenye vyombo humwambii kitu: bakuli la plastiki likishashika mafuta hayatoki, unasugua na bado linateleza, lakini bakuli la kigae unalisuuza mara moja. Mtaalamu akasema ndivyo. Dawa hii nayo ni ya mafuta mafuta, haipendi maji, ikikuta plastiki inang'ang'ania hapo. Ingekuwa kwenye udongo wazi, jua na maji na vijidudu vya udongoni vingeimaliza pole pole. Ikishajibana kwenye plastiki vijidudu haviifikii vizuri, inakaa, na baadaye inaachia kidogo kidogo, na karoti iko palepale inakunywa. Akasema pia kwamba hawajui yote, yako mashamba ambayo plastiki imeikamata dawa isiende kwenye mmea kabisa. Huku imekwenda.

"Plastiki ipi?" wifi akauliza. "Ile ilishaisha."

Mtaalamu akaomba bilauri ya maji. Akateremka mwenyewe akachota udongo kiganjani kutoka tuta la mjukuu, akautia, akakoroga kwa kijiko. Udongo ukazama. Juu vikabaki vitu vidogo vidogo vyeusi, vingine kama punje za pilipili manga, vingine kama vumbi. Vingine ni mizizi tu, alisema, lakini hivi, na hivi, ni nailoni yako. Haikuisha, mama. Ilipungua ukubwa. Na jinsi ilivyokatwa ndogo ndivyo ilivyopata pa kushikia dawa pengi zaidi.

Wifi akachukua kijiko akaanza kuziengua. Akatoa zile za juu, akazipangusa kwenye kisosi. Akakoroga, zikapanda nyingine. Akaengua, akakoroga, zikapanda nyingine. Hakuna aliyemzuia, na mimi nilikuwa nimejichoma sindano na sikuwa na habari.

Alipochoka aliuliza habari za ng'ambo. Nadhani alikuwa anatafuta angalau pa kuegemea. Mtaalamu akasema kule karibu hakuna kitu. Nikacheka, sikujizuia, nikasema kwa Matambara? Akasema ndiyo, dawa alipiga mara chache, na nailoni yake yote iko kwenye ua.

Makubwa. Mtu ana vitambaa vyeusi vinapiga kelele usiku kucha, hata wageni wanauliza kama pana msiba, kumbe uvivu wake ndio uliokuwa usafi. Na huyu wetu aliyekata, akasaga, akalainisha, alikuwa anaupanda uchafu kwa mikono yake. Ningekuwa peke yangu ningecheka mpaka nianguke. Lakini nilikuwa namtazama usoni, na niliumia, niseme kweli, niliumia sana.

Wifi aliuliza jambo moja tu baada ya hapo. Aliuliza atalisafishaje. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayeuliza sabuni gani itatoa doa hili. Mtaalamu akasema njia wanaitafuta, hawajaipata, kuzitoa chembe ndogo namna ile katika shamba zima haiwezekani kwa sasa. Akasema kiasi kilichomo kwa mtu mzima si cha kutisha. Binti akauliza kwa mtoto mchanga je? Mtaalamu akamtazama mtoto, akasema angekuwa wake, angesubiri.

Binti hakusema "si nilikwambia". Namsifu kwa hilo, mimi ningesema. Alimhamisha mtoto bega na kuingia naye ndani.

Nilifikiri wifi atajifungia siku nzima. Mimi hata nilishaandaa maneno. Badala yake alikunja kanga yake, akaniambia, "Wifi, twende." Nikauliza wapi. Alikuwa ameshafika kwenye mfereji.

Matambara alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, anafanya kile anachofanya kila siku, yaani hakuna. Alipomwona wifi anaingia kwenye ua wake aliangalia nyuma, kuona kama amekuja kwa mtu mwingine. Miaka yote ile mwanamke huyu hakuwahi kukanyaga pale. Nailoni zilikuwa zinampiga begani wakati anapita na hakuzisukuma.

"Shemeji, nimekuja kuomba karoti," akasema. "Za mtoto. Anaanza kula."

"Karoti?" Matambara akashangaa. "Kwani zako zina nini?"

Uongo ulikuwa tele. Angesema zimeliwa na funza, hazijakomaa, zimekwisha. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimsaidie, akanifinya mkono.

"Zangu ni chafu, shemeji. Zako ndizo safi."

Matambara alikaa akimtazama. Nilingoja acheke, na nilikuwa nimejiandaa kumrukia akicheka, kwa sababu alikuwa na haki ya kucheka na mimi nisingeivumilia. Hakucheka. Aliinuka haraka, jambo ambalo sijawahi kuliona, akaingia kwenye magugu yake, akawa anang'oa na kuchagua, anang'oa na kuchagua, anaomba radhi kwamba zimepinda. Wifi akamwambia hazina neno. Alizibeba mikononi zikiwa na udongo wake wote, akapita nazo barabara kubwa mchana kweupe, na watu wakamwuliza kama leo amenunua karoti, naye akawaambia ametoa kwa jirani.

Alizimenya, akazichemsha, akaziponda mpaka zikawa laini. Akampa binti yake bakuli na kijiko, akarudi nyuma, akasimama mlangoni. Binti akamtazama, akamwambia, "Mama, si ulisema utamlisha wewe?" Akasema yeye alisema atamlisha za kwake. Binti akamvuta kitini, akamwekea mtoto mapajani.

Kijiko cha kwanza mtoto alikitema, cha pili akakifikiria, cha tatu akakishika na mkono wa bibi yake pamoja. Alikula huku amejipaka mpaka kwenye nyusi. Wifi alikuwa anamwangalia tu, anachota, anampa. Alipofika mwisho akamwinamia mjukuu wake, akamwambia taratibu, kana kwamba mimi na binti hatupo:

"Na mimi nilikupandia, mume wangu. Zangu usile."